Mboga za Nyumbani Thika na Ruiru: Faida Iko Kwenye Majani, Sharti Ni Maji

Tarehe 6 Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa Nairobi na viunga vyake ili korona isisambae. Upande wa kaskazini, mpaka uliwekwa kwenye daraja la mto Chania mjini Thika. Ng'ambo ya daraja hilo ni Kaunti ya Murang'a, ambako hutoka sehemu ya mboga zinazoliwa Thika, Juja na Ruiru. Malori ya chakula yaliendelea kupita, ila abiria hawakuruhusiwa kuvuka, na hali hiyo ilidumu hadi mwezi wa Julai. Mwaka huohuo Wizara ya Kilimo ilizindua kampeni ya bustani milioni moja za jikoni. Watu walijaza udongo kwenye magunia, ndoo zilizopasuka na matairi ya zamani, wakapanda sukuma wiki, spinachi na dhania nyuma ya nyumba na kwenye roshani.

Baadhi ya bustani za aina hiyo bado zinalisha watu. Nyingine ziliishia kwenye gunia lililochanika na udongo mkavu kama tofali. Wenyewe walianza na ari ileile, wakanunua mbegu zilezile katika maduka yaleyale ya pembejeo, na mara nyingi walipewa ushauri uleule. Ari na mbegu, basi, haziwezi kueleza kwa nini moja ilidumu na nyingine ikafa.

Nikizipima sababu moja baada ya nyingine, naona kwamba hatima ya bustani ya nyumbani katika miji hii huamuliwa na mambo mawili ambayo kampeni nyingi huyapita haraka: maji ya kiangazi, na uhakika wa mtu kuendelea kutumia mahali alipopanda. Mengine, pamoja na wadudu, yana njia za kuyakabili. Tena faida haimo katika kila zao. Imo hasa katika mboga za majani, na anayetaka kila kitu kitoke uani kwake huchoka mapema.

Mji uliomea shambani

Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa kabla ya kuwa mji wa maghorofa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapo ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, kahawa inayostahimili ugonjwa wa kuoza buni na kutu ya majani. Leo sehemu kubwa ya mashamba hayo imekatwa ploti. Mradi wa Tatu City peke yake umechukua takriban ekari 5,000 za iliyokuwa kahawa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Thika, mji wa viwanda vya nguo, ngozi na vyakula, ulikuwa na watu zaidi ya 250,000 mwaka huo wa 2019. Mtu anayenunua ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, anapata takriban mita 465 za mraba. Akishajenga nyumba, choo na mahali pa kuegesha gari, humbakia kipande cha kupanda mboga. Mwenye ploti ya arubaini kwa sitini hubakiwa na ukanda mwembamba kando ya ukuta. Mpangaji wa ghorofa ya nne ana roshani tu, kama anayo.

Kulima mjini si jambo jipya. Mwaka wa 1985 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilichunguza familia katika miji sita ya Kenya, ikakuta kwamba asilimia 29 zilikuwa zikilima chakula mjini humohumo zilimoishi. Hayo yalitendeka ingawa sheria ndogo za miji, kuanzia enzi ya ukoloni, ziliyahesabu mazao ya mjini kama kero ya kufyekwa. Mabadiliko yamekuja polepole. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokabiliwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora, na kilimo kimekabidhiwa kaunti. Nairobi ilitunga sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka wa 2015. Hiyo ni hatua kubwa, maana huko mkulima wa mjini ametoka katika kundi la wavunjaji wa kanuni akaingia katika kundi la wenye haki.

Udongo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa

Upande wa magharibi, kuelekea Gatundu, udongo ni mwekundu na wenye kina. Hupitisha maji vizuri na hulimika kwa urahisi, lakini mara nyingi una asidi, na fosforasi iliyomo hung'ang'aniwa na udongo wenyewe hata mmea usiipate. Upande wa mashariki, kuelekea nyanda za Juja hadi mto Athi, unakutana na udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha huvimba na kushikilia maji; jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Katika udongo huo sukuma iliyopandwa bapa mwezi wa Aprili huoza mizizi, na mwezi wa Februari mizizi hiyohiyo hukatwa na nyufa. Dawa yake ni kuinua matuta sentimita 20 au 30 juu ya ardhi na kuchanganya mboji nyingi ili udongo ulegee.

Kuna udongo wa tatu ambao vitabu vya kilimo havina habari nao: udongo wa ploti iliyojengwa. Fundi huondoa tabaka la juu lenye rutuba, akaacha murramu, vipande vya mawe na mabaki ya saruji. Chokaa ya saruji hufanya baadhi ya virutubisho visipatikane, na majani huwa ya manjano hata yakitiliwa mbolea. Hapo ni afadhali kupanda juu ya ardhi, katika magunia, kreti au matuta yaliyozungushiwa mawe, kwa udongo ulioletwa: sehemu mbili za udongo mzuri kwa sehemu moja ya samadi iliyooza.

Samadi haiko mbali. Gatundu na Githunguri ni sehemu za ng'ombe wa maziwa, na wafugaji wa kuku wamejaa Thika na Ruiru. Ya kuku ina nguvu zaidi, lakini ikitiwa mbichi huunguza miche. Irundikwe, ilowanishwe, igeuzwe, isubiriwe wiki kadhaa hadi lundo liache kutoa joto. Mtu anayetaka uhakika zaidi anaweza kupeleka udongo wake ukapimwe katika maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kabete. Kipimo kimoja humwepushia gharama ya mbolea asiyoihitaji. Jambo hili lilionekana wazi mwaka wa 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipopita shilingi 6,000 kabla ya serikali kuleta ruzuku. Waliokuwa na lundo la mboji uani hawakutikisika sana.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo bustani nyingi huanguka, kwa hiyo tuhesabu taratibu.

Tuchukue familia ya watu watano. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tuseme robo yake, gramu 100, iwe mboga za majani. Familia hiyo inahitaji nusu kilo kwa siku, kilo tatu na nusu kwa wiki. Shina la sukuma lililotunzwa hutoa majani matatu hivi kwa wiki, na jani likiwa na gramu 20, mashina 60 yanatosheleza familia hiyo. Yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, yatachukua mita 16 za mraba. Ni eneo dogo, ambalo hata ploti ya arubaini kwa sitini inaweza kulibeba.

Sasa maji. Wakati wa jua kali, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji takriban lita tano kwa siku. Mita 16 zinakunywa lita 80, yaani mitungi minne ya lita 20. Kwa mwezi ni mitungi 120. Ikiwa familia inanunua maji ya mkokoteni, na tukichukua mtungi kuwa shilingi 20, ni shilingi 2,400 kwa mwezi. Mboga zenyewe ni kilo 15 tu. Hata kilo ikiwa shilingi 60 sokoni, ni shilingi 900. Familia hiyo inapoteza shilingi 1,500 kila mwezi, bila kuhesabu jasho. Ikiwa maji ni ya mfereji, hata tukiweka bili ya shilingi 100 kwa lita 1,000, gharama ni shilingi 240. Bustani ni ileile, mkulima ni yuleyule. Kilichobadilika ni chanzo cha maji tu, na hasara imegeuka faida.

Bahati mbaya ni kwamba mfereji hautegemewi kila mahali. Ukanda huu umezungukwa na vyanzo vya maji ya jiji. Bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, lililokamilika mwaka wa 1994, ndilo hazina kuu ya maji ya Nairobi, na bwawa la Ruiru lilitangulia kuitumikia Nairobi kwa miongo mingi. Hata hivyo mitaa mingi ya Ruiru na Juja hupata maji kwa zamu, na wengine hutegemea visima virefu, ambavyo baadhi hutoa maji yenye chumvi. Ukimwagilia maji ya chumvi mfululizo wakati wa kiangazi, chumvi hubaki juu ya udongo na ncha za majani huungua.

Kwa hiyo mvua ndiyo ya kukimbilia. Eneo hili hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, jumla ya takriban milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka. Paa la mabati lenye mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 10 hukusanya lita 500. Ondoa zinazomwagika na kukauka, zibaki 400. Tangi la lita 3,000 linajaa kwa mvua chache. Lakini kwa lita 80 kila siku, tangi hilo linaisha kwa siku 37, na kiangazi cha Januari na Februari ni kirefu kuliko hapo.

Njia ya kweli ni kupunguza kiu ya bustani. Matandazo ya nyasi kavu au maganda ya kahawa, kumwagilia jioni au alfajiri, na kumimina maji kwenye shina badala ya kunyunyizia juu ya majani, yote haya hupunguza matumizi sana. Bustani ya gunia yenye nguzo ya kokoto katikati hupeleka maji hadi kwenye mizizi ya chini bila kumwagika ovyo. Mtindo huo ulienea Kibera kuanzia 2008, shirika la Solidarités lilipousambaza baada ya ghasia za uchaguzi. Mtu akiweza kushuka hadi lita 40 kwa siku, tangi lilelile humvusha siku 75. Maji ya kuoshea mboga na mchele yaende bustanini moja kwa moja. Ya kufulia yanafaa migomba, kwa kuwa sabuni nyingi zina sodiamu inayogandamanisha udongo.

Nasisitiza kiangazi kwa sababu ya soko. Mwezi wa Mei mboga hufurika kila mahali na bei huanguka. Wakati huohuo bustani ya nyumbani nayo imejaa. Mwezi wa Februari bei hupanda, na bustani isiyo na maji haina jani. Mwenye mita sita za kijani mwezi wa Februari anaweza kuokoa pesa nyingi kuliko mwenye mita 20 mwezi wa Mei. Ukubwa wa bustani upangwe kufuata tangi, si kufuata ploti.

Zao lipi lipandwe

Thika iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na ina joto kuliko Limuru na Kikuyu. Mtu anayeiga bustani ya jamaa yake wa Limuru hushangaa kabichi zikimkatalia. Mboga za kienyeji ndizo zinazolijua joto hili. Terere huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kunde huvumilia ukame na huongezea udongo naitrojeni. Managu na sagaa hukua haraka na hutoa majani kwa miezi kadhaa zikikatwa vichwa na kunyimwa nafasi ya kutoa maua. Kanzira huwa tayari mapema kuliko sukuma.

Hadhi ya mboga hizi imepanda, na sifa moja kubwa inakwenda Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo hicho ametumia miaka mingi kutafiti lishe, mbegu na ukulima wa mboga za Kiafrika, ambazo zamani ziliitwa magugu au chakula cha maskini. Sasa zinauzwa hata katika maduka makubwa. Zina vitamini A, chuma na kalisi kwa wingi, na mbegu zake mtu anaweza kujitengenezea. Matunda ya managu yaliyoiva yapondwe, yaoshwe hadi utamu utoke, kisha mbegu zianikwe kivulini. Za sagaa zikikaa miezi michache kabla ya kupandwa huota vizuri zaidi.

Faida ya majani haimo katika bei peke yake. Terere lililochumwa asubuhi hunyauka kufikia jioni, na vitamini C hupungua tangu jani linapotengana na shina. Vitunguu, viazi na karoti husafiri bila kuharibika sana, na mkulima wa Nyandarua huvizalisha kwa gharama ndogo kuliko mtu yeyote wa mitaa kama Membley au Ngoingwa. Hakuna sababu ya kushindana naye katika mita 16.

Nyanya ndizo huvunja watu moyo kuliko zao lolote. Nondo aitwaye Tuta absoluta, aliyetoka Amerika ya Kusini, aliingia Kenya mwaka wa 2014, na viwavi wake hutoboa majani na matunda. Kuna mnyauko wa bakteria unaokaa udongoni, kuna minyoo ya mizizi, kuna utitiri mwekundu wakati wa joto na bakajani wakati wa baridi ya Julai. Wengi waliojenga vivungulio vya plastiki walivuna vizuri misimu ya kwanza, mnyauko ukaja, wakaviacha mifupa. Anayezipenda nyanya apande mashina machache kwenye vyombo vyenye udongo mpya, na asizitegemee.

Wadudu na dawa

Sukuma ina maadui wanaojulikana: vidukari wanaojikunja chini ya majani wakati wa kiangazi, viwavi wa nondo wa kabichi, na sota wanaokata miche usiku. Katika bustani ndogo, macho na vidole hufanya kazi kuliko pampu. Mtu akipita kila asubuhi akageuza majani, akaponda vidukari wa kwanza na kung'oa shina lililozidiwa, tatizo huisha kabla halijawa janga. Maji ya sabuni huwaua vidukari yakiwagusa, na mwarobaini hupunguza viwavi. Jivu husaidia kidogo, nalo huondoka na mvua. Kinga iliyo imara zaidi ni chandarua chenye matundu madogo kinachofunika tuta. Mbinu hii imefanyiwa majaribio Kenya na watafiti, wakiwemo wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani kando ya Barabara ya Thika.

Dawa za viwandani ndizo zinazofanya wengi watamani mboga za nyumbani. Kila dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo huandikwa kwenye kibandiko. Sukuma huchumwa kila wiki. Dawa yenye siku 14 za kusubiri inamnyima mkulima machumo mawili, na mnunuzi hana njia ya kujua kama alisubiri. Anayelima nyumbani anajua. Ujuzi huo una thamani ambayo haiingii katika hesabu ya shilingi 900, na mzazi mwenye mtoto mdogo ataniunga mkono.

Lakini mboga ya nyumbani haiwi salama kwa sababu tu ni ya nyumbani. Takataka za plastiki zinazochomwa uani huacha sumu katika udongo uleule. Betri na rangi za zamani huacha risasi. Karibu na viwanda na mitaro ya majitaka, metali nzito huweza kupanda hadi kwenye majani, na kupika hakuziondoi. Kumwagilia maji ya mto uliopokea majitaka ya mji ni hatari zaidi kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa, kama dhania na saladi. Penye shaka juu ya udongo, lililo salama ni gunia lenye udongo wa kuletwa na maji ya paa.

Mikono na mahali

Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka wa 2012, iliwezesha mtu kulala Ruiru na kufanya kazi Nairobi. Anatoka alfajiri, anarudi usiku. Bustani yake, kama anayo, inategemea anayebaki nyumbani: nyanya anayekaa na wajukuu, mama aliyejifungua, au msaidizi wa nyumbani ambaye kazi hiyo huongezwa juu ya nyingine bila malipo. Tukisema mboga za nyumbani ni za bure, tunasahau mkono wa mtu, na mara nyingi ni mkono wa mwanamke. Familia iliyogawana kazi waziwazi, huyu maji na yule palizi, hudumu kuliko ile inayomwachia mmoja. Kuna pia mtihani wa Desemba: watu wanafunga safari kwenda mashambani kwa wiki mbili, vuli inakatika, wanarudi Januari kukuta miche imekauka.

Kwa mpangaji, swali la kwanza ni ruhusa. Mwenye nyumba ana hoja zake. Gunia la kilo 90 za mahindi likijazwa udongo uliolowa hupita kilo 150, na roshani haikujengwa kwa magunia matano ya namna hiyo. Maji yanayodondoka huchafua kuta na nguo za jirani wa chini. Hoja hizi zina majibu: vyombo vyepesi, mchanganyiko wenye maganda ya kahawa yaliyooza, sahani za kukinga maji. Mwanga nao uangaliwe. Tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huwa upande wa kaskazini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, kisha huhamia kusini. Roshani iliyong'aa Julai inaweza kuwa kivuli Desemba. Maghorofa yaliyobanana hayaachi hata saa nne za jua, na bila hizo hakuna mboga.

Wengine hulima ploti za watu ambazo hazijajengwa. Wanalima kwa hofu, kwa sababu lori la mawe linaweza kufika siku yoyote. Mwenye hofu hiyo hatii samadi ya miaka miwili, hachimbi mtaro, hanunui tangi. Analima kwa juujuu, na udongo unazidi kuchoka. Ndiyo maana nasema uhakika wa mahali una uzito kuliko mbegu.

Nchi nyingine zimepitia njia hii. Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 1908 iliyozitaka serikali za mitaa kutenga vipande vya kukodisha kwa wakulima wadogo pakiwa na mahitaji. Vita vilipokuja mwaka wa 1939, kampeni ya kulima ilikuta mfumo wa ardhi tayari. Havana, Kuba, baada ya msaada wa Kisovieti kukatika miaka ya 1990, serikali iliwapa watu haki ya kutumia viwanja vilivyo wazi, ikaweka maduka ya pembejeo na washauri karibu nao. Katika nchi zote mbili, ari ya raia ilipata ardhi ya kusimamia.

Mama mboga si mshindani

Yapo maneno kwamba bustani za nyumbani zitamnyang'anya mama mboga riziki. Sioni hivyo. Anayedamka kwenda soko la Madaraka mjini Thika au Githurai anauza vitu 20, na majani ni sehemu tu. Anamkatia mteja sukuma ya shilingi 20, anamkopesha hadi mwisho wa mwezi, anamwekea vitunguu na nyanya. Bustani ya mita 16 haiwezi kufanya hayo. Inaweza, hata hivyo, kumuuzia ziada ya managu asubuhi, yakiwa mabichi, bila nauli ya soko. Ushirikiano huo tayari upo katika mitaa mingi, nao ni mzuri kwa pande zote.

Kifanyike nini

Kwa familia, ushauri wangu ni kuanza na tangi, kisha kupima matuta kulingana na maji ya Februari. Terere, kunde, managu, sukuma na dhania zitangulie, nyanya zisubiri. Miche ipandwe kwa zamu za wiki mbili mbili ili mavuno yasije yote pamoja na kuisha yote pamoja. Anayesafiri Desemba apange na jirani mapema: wewe mwagilia, wewe chuma.

Wenye nyumba wanaojenga leo Kimbo, Kihunguro au Makongeni wanaweza kuweka mifereji ya paa na tangi la pamoja tangu mwanzo, na kuruhusu vyombo vyepesi kwa masharti yaliyoandikwa. Gharama yake ni ndogo katika jengo la mamilioni.

Kaunti ya Kiambu, ambamo miji hii imo, ina kazi kubwa zaidi. Katika kila mtaa mpya unaoidhinishwa, itenge kipande cha kukodisha kwa mwaka mzima au miwili, chenye mfereji wake na kanuni zake. Iwape wakulima wa mjini afisa ugani anayejua magunia na matangi, wala si mahindi na kahawa peke yake. Utaalamu uko mlangoni: taasisi ya utafiti wa mboga na matunda ya KALRO iko karibu na Thika, chuo kikuu kiko Juja, icipe iko Kasarani. Ni vigumu kupata ukanda mwingine wa Kenya uliobarikiwa hivyo.

Kampeni ijayo itakapokuja, na itakuja, kwa sababu ukame na mfumuko wa bei havijatuaga, isihesabu miche iliyogawiwa. Ihesabu matangi yaliyowekwa, mikataba ya kukodisha iliyotiwa saini, na bustani zinazochumwa mwezi wa Februari mwaka wa tatu tangu zilipopandwa. Hicho ndicho kipimo cha haki kwa familia ya Ruiru inayotaka kula mboga inazozijua.